Viraka vya Bi Chachu

Geita,
6 Machi 1984

Kwa Bibi Mbuke Bujiku,
kwa mkono wa Mwalimu Melania,
Kolandoto.

Shikamoo Bibi,

Mwadila mayo. Hunifahamu. Jina langu ni Mohsin Rajabali, nina duka la vipuri vya baiskeli hapa Geita, alilolianzisha marehemu baba yangu. Ninachokuandikia hakihusu baiskeli.

Mimi hukusanya michoro ya hadithi za katuni. Sisemi magazeti, Bibi. Magazeti kila mtu alikuwa nayo, na mengi yamekwisha kufungiwa vitumbua. Nakusanya karatasi zenyewe, zile ambazo mchoraji aliziinamia na kalamu yake kabla hazijapelekwa kupigwa chapa. Ninazo sabini na moja, za wachoraji tisa. Za mjukuu wako Stanslaus Ngassa sina hata moja, na kwa maoni yangu hao tisa wote hawamfikii.

Hadithi yake ya Bi Chachu ilitoka katika gazeti la Kengeza tangu 1975 hadi gazeti lilipokufa mwaka 1977. Aliyekuwa mhariri ameniambia kwamba walipofunga ofisi walirudisha michoro yote kwa posta nyumbani kwa mchoraji, yaani kwako. Ameniambia pia kwamba ndani yake umo ukurasa mmoja wa mwisho ambao haukuwahi kuchapwa. Huo nauota.

Naomba kununua zote. Taja unachotaka.

Wako mtiifu,
Mohsin Rajabali


Kolandoto,
19 Machi 1984

Wewe Mohsin,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Mwalimu Melania alitaka kunisomea nikamwambia akae chini. Nina cheti cha kisomo, kipo ukutani. Mwaka ule tulikuwa wanawake thelathini darasani na mimi ndiye niliyeandika jina langu kwanza bila kushikwa mkono. Kwa hiyo usiniandikie kwa herufi kubwa kama unamwandikia mtoto. Na hicho Kisukuma chako cha dukani kiache dukani.

Karatasi hizo hazipo. Nilizichoma.

Na wewe una akili zako? Mtu mzima, una duka, una mke bila shaka, unatafuta picha za kuchekea. Watu huku hawana sabuni.

Unajua Bi Chachu ni nani? Ni mimi. Kiko ni changu, kilemba ni changu ninavyokifunga kwa nyuma, hata chunjua yangu ya shavuni hakuisahau. Msimu wa pamba wa mwaka 1977 nimekaa kituoni juu ya magunia yangu nangoja mizani. Karani akafungua gazeti akaanza kuwasomea watu. Bi Chachu anamwambia mjukuu wake: "Ondoka na njaa yako, mimi sikuzaa tumbo." Watu wakacheka mpaka mmoja akaporomoka kutoka juu ya gunia. Kisha wakageuka wakanitazama. Tangu siku hiyo hata kisimani mimi ni Bi Chachu. Watoto niliowapokea kwa mikono hii walipokuwa wakizaliwa, nao wananiita Bi Chachu.

Nikaenda nyumbani nikamkuta anachonga penseli. Nikamtupia gazeti. Akasema, "Bibi, maneno hayo si yangu." Nikamwuliza, "Na kichwa hiki ni cha nani?" Nikamwambia akusanye nguo zake. Mama yake, binti yangu Limi, alifariki akamwacha ana miaka minne. Nilimlea mimi. Nilimsomesha mpaka darasa la kumi na mbili kwa pamba yangu.

Aliondoka. Sasa ni miaka saba, sijapata barua wala salamu, wala sikuzitafuta.

Usiniandikie tena.

Mbuke Bujiku


Geita,
2 Aprili 1984

Shikamoo Bibi,

Umesema nisiandike tena nami naandika. Nisamehe. Herufi nimezipunguza.

Umeuliza kama nina akili zangu. Mke wangu, Anar, huuliza hivyo hivyo. Anasema mimi nimeoa sanduku. Sanduku hilo ni la bati, ndimo ninamohifadhi michoro. Mwaka jana, wakati wa msako wa bidhaa zilizofichwa, vijana wanne waliingia dukani. "Mzee, sukari iko wapi?" Nikawaambia sina. "Na humo ndani ya sanduku?" Nikawafungulia. Walikaa sakafuni wakasoma mpaka saa saba mchana. Mkubwa wao akaniuliza, "Kipande kinachofuata kiko wapi?" Nikamwambia hicho ndicho ninachokitafuta hata mimi.

Bibi, gazetini unaona mstari tu. Kwenye karatasi yenyewe unaona penseli chini ya wino. Unaona mahali mkono uliposita, mahali alipokwangua kwa wembe pua ikawa fupi, mahali alipopaka rangi nyeupe akaanza upya. Nikiushika ukurasa namjua mtu aliyeuchora kuliko ninavyowajua wanunuzi wangu wa miaka ishirini.

Kama kweli umezichoma, basi na mimi nimekwisha. Kama hukuzichoma, niambie tu kwamba zipo. Ninayo sukari kidogo, ya halali, na doti mbili za khanga ambazo Anar hajazifungua.

Mohsin Rajabali


Kolandoto,
20 Aprili 1984

Mohsin,

Zipo.

Zilikuja mwezi mmoja baada ya yeye kuondoka. Nilizipeleka jikoni, nikawasha moto, nikapika ugali, nikazirudisha ndani. Ziko ishirini na tatu, nimezikunja kwenye nailoni na majani ya tumbaku kwa ajili ya mchwa. Sijazisoma na sitazisoma.

Sukari kunywa wewe. Khanga mrudishie mkeo. Hapa hatufi kwa kukosa khanga.

Lakini unakaa Geita, na kila anayepotea huku kwetu hupotelea huko kwenye dhahabu yenu. Nitafutie Stanslaus. Ni mrefu, anaandikia mkono wa kushoto, ana kovu la jembe kwenye muundi wa kulia. Asiambiwe kwamba mimi namtafuta. Nataka kujua kama anakula, basi. Ukiniletea habari yake iliyo ya kweli, karatasi zote ni zako, pamoja na huo wa mwisho unaouota.

Ili usidhani nakuchezea, nimemkabidhi Thobias, dereva wa lori la mbegu, ukurasa mmoja. Nimekuchagulia ule wa siku ya mizani. Picha yake naijua bila kusoma na sitaki kukaa nao.

Nilipoufungua niliona una viraka. Kwenye yale mapovu ya maneno yanayowatoka watu midomoni, mtu amebandika vipande vya karatasi juu yake. Sijui nani aliharibu kitu namna hiyo. Lakini nyumbani kwangu hakitoki kitu chenye viraka, watu wakasema Mbuke anagawa matambara. Nimeushika juu ya mvuke wa chungu, vikaachia kimoja kimoja, nikavitupa motoni. Pembeni nimepapangusa kwa kitambaa kibichi. Sasa ni safi.

Mbuke Bujiku


Geita,
4 Mei 1984

Shikamoo Bibi,

Ukurasa umefika. Nakuomba, nakuomba kwa heshima zote: usibandue kiraka kingine hata kimoja!

Ule haukuwa uchafu. Ndivyo magazeti yanavyofanya kazi. Mchoraji anaandika maneno kwa mkono wake. Mhariri akiona hayachekeshi anapiga mengine kwa taipureta, yanakatwa, yanabandikwa juu ya yale ya kwanza, ndipo ukurasa unapigwa picha na kwenda mtamboni. Mkusanyaji anavitaka vyote viwili, cha juu na cha chini, vikae kama vilivyokaa. Sasa ukurasa huu umebaki na ya chini tu kwa mwandiko wa mjukuu wako, "Kaa ule, mvua haijaisha," na lile povu maarufu ambalo kila msomaji wa Kengeza analikumbuka limekwenda na moto wako. Nimekaa nao mezani siku mbili bila kuuingiza sandukuni. Anar amenikuta naupepea kama mgonjwa.

Zilizobaki ziache kwenye nailoni. Usizipanguse. Usizionyeshe mvuke.

Kuhusu Stanslaus, naulizia. Watu ni wengi huku machimboni na wachache wanaotumia majina yao.

Mohsin Rajabali


Kolandoto,
21 Mei 1984

Mohsin,

Barua yako ina kilio kirefu cha viraka. Katikati ya kilio umeandika kitu halafu ukakipita kama mtu anayepita kuku njiani. "Kaa ule, mvua haijaisha." Nilirudi nikasoma tena hapo. Kisha nikateleka chungu.

Nimebandua vyote. Usipoteze wino kunilaumu, imekwisha kuwa. Safari hii sikuchoma, nimevitia kwenye kopo la samli, utabandika mwenyewe upendavyo.

Na nimesoma. Nimechukua siku nne, kwa sababu mwandiko wake unalala kushoto na mimi nilifundishwa herufi zilizosimama. Nakuandikia machache.

Kuna ukurasa kijana yupo anachora kuku uani. Kiraka kinasema: "Shule imekufundisha kumchora, haijakufundisha kumchinja." Chini yake yeye aliandika: "Kuku huyu ana macho ya jirani yetu. Mchore na mumewe."

Yupo anaomba kalamu mpya. Kiraka: "Uza sikio moja, hulitumii." Chini: "Subiri pamba ipimwe."

Yupo anakula. Kiraka: "Mama yako alikufa ili asikulishe." Chini: "Mama yako alikuwa na vidole hivi hivi."

Hilo la Limi sikujua kwamba lilitoka gazetini. Namshukuru karani hakufika hapo.

Ukurasa wako wa mwisho hauna kiraka, maana haukuchapwa. Kijana anaondoka na mzigo wake. Bi Chachu anamfuata mpaka barabarani na bakuli mkononi, kiko kimemdondoka. Anasema, "Rudi ule kwanza, hasira utaendelea nazo ukishiba." Huo aliuchora kabla sijamfukuza. Alikuwa amekwisha kupanga nitakavyofanya. Mimi siku ile sikutoka hata mlangoni. Nilikaa jikoni nikasikia anafunga lango la boma, analifunga vizuri kama nilivyomfundisha, ng'ombe wasitoke.

Sasa sitaki tena kujua kama anakula. Nataka mahali alipo. Na ukimpata mwambie hivi: aliniambia kweli nami nikamwita mwongo. Mwambie maneno hayo hayo, usiyapambe.

Mbuke Bujiku


Geita,
2 Juni 1984

Shikamoo Bibi,

Yuko Chato. Anachora majina ya mabasi na vibao vya maduka. Anakula, ingawa amekonda.

Kuna la zaidi, na ukilisoma utakuwa na haki ya kunitukana. Sikumtafuta. Nimemjua tangu Desemba. Alikuja kununua rangi, nikaona alivyoandika jina lake kwenye stakabadhi, nikamtambua. Mhariri wa Kengeza sijawahi kumwona maishani mwangu. Stanslaus ndiye aliyeniambia kwamba kama michoro bado ipo duniani, iko kwako. Akaniapisha nisimtaje.

Ningesema niliheshimu kiapo. Haikuwa hivyo. Niliogopa kwamba mkipatana atazichukua karatasi zake na mimi nitabaki na sanduku langu lilivyo. Uliponiomba nimtafute, nilimwuzia mtu tairi mbili za baiskeli, nikafunga duka, nikakuandikia kwamba watu ni wengi.

Jumamosi nilipanda basi nikampelekea barua yako ya mwezi wa tano. Aliisoma amesimama. Akaniuliza kama nina karatasi ya kuandikia.

Karatasi zako sizidai tena.

Mohsin Rajabali


Kolandoto,
13 Juni 1984

Mohsin,

Tangu Aprili nawasimamisha madereva barabarani na uzee huu nawauliza habari za mtu mwenye kovu, na wewe unajua anapolala! Thobias nimemsumbua mpaka akaanza kupitia njia ya nyuma. Mkeo ana kazi. Siku nikimwona Anar nitampa pole kwa mdomo wangu.

Lakini ulipanda basi. Basi.

Nilisema habari ya kweli ina karatasi zake. Mimi sibadilishi maneno. Nangoja kwanza barua ya mwenyewe.

Mbuke


Chato,
17 Juni 1984

Bibi, shikamoo.

Mohsin amenionyesha barua uliyoandika. Umesema nilikuambia kweli. Siwezi kuiacha hivyo.

Maneno yale mhariri aliyapiga kwa taipureta Dar es Salaam. Hapo ni kweli. Lakini ofisi yao haikuwa na mtu wa kubandika. Walikuwa wananirudishia kurasa kwa posta pamoja na maneno yao, na mimi nilikuwa nakata kwa wembe na kubandika, mezani kwako, kwa uji wa muhogo uliokuwa ukibaki asubuhi. Vyote. Hata kile cha mama. Ukurasa wa kwanza nilikataa. Wakaniandikia kwamba Bi Chachu mpole hana msomaji, na wachoraji wako wengi. Nilitaka jina langu litoke. Ukurasa wa tatu sikukataa tena. Wa kumi nilicheka.

Siku ile uliponitupia gazeti, kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni ni kwamba maneno si yangu. Uji ulikuwa bado umenikauka kwenye vidole. Kwa hiyo hukunionea. Nimeanza barua nyingi za kuja kwako na kila moja ilifika hapo ikafa.

Tangu nilipoondoka sijachora mtu. Nachora majina tu.

Mjukuu wako,
Stanslaus


Kolandoto,
2 Julai 1984

Stanslaus,

Marahaba. Kumbe uji wangu ulikuwa na kazi. Miaka miwili nilimpiga paka bure.

Sasa sikiliza, na kwa kuwa ni barua huwezi kunikatiza.

Nilipobandua viraka nilifurahi. Nilisema, kumbe mtoto alinichora vizuri, ni watu wa gazeti walioniharibu. Nikatembea kwa Mwalimu Melania nikamsomea yote ya chini. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Bibi, hili uliwahi kumwambia?" Nikajibu ndiyo. Akauliza la pili. Nikajibu ndiyo. Nikarudi nyumbani nimemdanganya mwalimu mara mbili.

Sikuwahi kusema hata moja. Nimekaa na kurasa zile mwezi mzima nikikumbuka mwaka hadi mwaka. La vidole vya mama yako nililiwaza kila ulipotia mkono kwenye bakuli, na kila mara nikakwambia usile kama fisi. Ulipomwaga maziwa ukiwa na miaka tisa nilikuambia nini? Unakumbuka. Na mimi nakumbuka. Lile halina tofauti na viraka, labda viraka vina adabu zaidi. Mtu wa Dar es Salaam hajawahi kuniona, lakini sauti yangu aliipata. Wewe uliyelala nyumba moja na mimi tangu una miaka minne hukuipata. Uliandika bibi mwingine.

Ndiyo sababu nilikasirika pale kwenye mizani. Watu wamekuwa wakidhani niliona uongo. Niliona mambo yangu ya jikoni yamesomwa na karani.

Kwa hiyo usiniletee habari za nani amemwonea nani. Wewe ulibandika, mimi nilisema. La mama yako peke yake sijasema, na hilo ulibandika ukijua. Hilo nitakuuliza uso kwa uso, siyo kwa karatasi.

Njoo. Usije na zawadi. Ukitegemea kumkuta bibi wa chini ya viraka utarudi na basi lile lile, huyo hayupo. Nipo mimi. Nina miaka sabini na mdomo ni huu. Lakini nitakuwa nimepika.

Bibi yako,
Mbuke


Kolandoto,
8 Agosti 1984

Mohsin,

Thobias anakuletea kurasa ishirini na mbili na kopo la samli. Hesabu mbele yake. Ukurasa wa mwisho umo. Stanslaus alitaka nikunyime, akasema huo ni wa nyumbani. Nikamwambia nilikwisha kumwahidi yule Mhindi mwongo, na mwongo mmoja anatosha katika biashara moja. Viraka vya ndani ya kopo havina mpangilio. Kaa na mkeo mpange. Mtapata cha kuongea.

Alikuja Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nane mchana. Nilikuwa nimejitayarishia neno la kumpokea. Nililisema peke yangu asubuhi nzima nikichambua mlenda, nikaona linatoka vizuri. Alipoingia uani nikasema, "Viatu gani hivyo? Na ugali umepoa."

Akasimama na begi lake.

Nikasema, "Unacheka nini?"

Akasema, "Sijacheka, Bibi."

Kweli alikuwa hacheki. Sikumtazama sana, nilikuwa na mboga motoni. Alinawa akala, akaongezwa, akala. Nikamwuliza lile la mama yake. Akajibu. Majibu yake hayakuhusu. Usiku kila mtu alilala na lake, na asubuhi alikuwa bado yupo, amekwisha kuwatoa ng'ombe.

Anachechemea kidogo, mguu ule wenye kovu. Amepata mvi mbili juu ya sikio. Kisimani wamemwona, wakaniuliza, "Bi Chachu, mgeni wako ni nani?" Nikawaambia ni mchoraji wangu. Wakanyamaza. Nimeona linawanyamazisha, nitalitumia tena.

Jumapili nilikuwa nabangua karanga, nikamwona ametoa penseli. Nilibangua polepole, na karanga zilikuwa kidogo, nikachanganya na maganda ili zisiishe upesi. Alichora mpaka jua likamfikia miguuni. Amenitia mikunjo yote, hakunionea huruma hata kwenye shingo. Akachora na povu la maneno, akaliacha tupu, akanisogezea karatasi na penseli.

Nikamwuliza, "Mimi ndiye niandike?"

Akasema, "Ni mdomo wako, Bibi."

Leo ni siku ya nne. Povu ni dogo na herufi zangu ni pana. Neno la kwanza nililoandika nimelifuta, karatasi ikachubuka kidogo. Najua utatamani kuja kuona mahali lilipochubuka. Njoo ukale ukitaka, na Anar umlete. Lakini ukurasa huo usiutaje. Hauuzwi, nami bado naandika.

Mbuke Bujiku